Moto Usio na Majivu

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema. Siku yangu!

Mkurugenzi ametuita ofisini kwake, mimi na Desimali, akafunga mlango. Kasema kiwanda cha blanketi hakiwezi kuendelea kuchoma makaa ya mawe matupu. Moshi umezidi. Majirani wanaanika mashuka meupe, wanaanua mashuka ya kijivu. Kwa hiyo boila letu la mvuke litalishwa mchanganyiko: makaa ya mawe pamoja na maganda ya alizeti kutoka kiwanda cha mafuta kilicho nyuma yetu. Lakini kwanza anataka kuuona huo moto kwenye kompyuta. Kila mmoja wetu atengeneze modeli yake. Mwenye modeli bora atakuwa mkuu wa kitengo kipya cha nishati.

Mkuu wa kitengo! Ofisi yenye dirisha! Nimetoka mle ndani miguu haigusi sakafu.

Desimali ni mhandisi mwenzangu. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu ukimuuliza saa hukutajia mpaka sekunde. Dada yule hana haraka, hana makuu, hana hata chembe ya sauti ya uongozi. Alipendekeza tushirikiane, tutengeneze modeli moja. Nikamwambia mafahali wawili hawakai zizi moja. Akasema yeye si fahali, ni mhandisi. Nikajifanya natafuta kalamu.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba nimeshakuwa mkuu wa kitengo. Ni suala la muda tu. Kwa nini nimcheleweshee furaha?

Jumanne, 4 Juni

Balaa! Mke wangu kampigia simu mama yake. Mama mkwe anakuja Jumamosi kumpongeza mkuu wa kitengo. Nimepaliwa na chai mpaka ikatokea puani.

Mama mkwe hajawahi kuielewa kazi yangu. Siku tulipokutana mara ya kwanza aliniuliza nafanya nini, nikamweleza kwamba nauwasha moto ndani ya kompyuta. Akauliza kama hauunguzi. Nikasema hauunguzi. Akauliza, sasa unaivisha nini? Tangu siku hiyo ananitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa cheo lazima kipatikane. Maji nimeyavulia nguo, sina budi kuyaoga.

Jumatano, 5 Juni

Modeli imegoma! Maganda ya alizeti yana unyevu. Kila nikiingiza unyevu, kompyuta inahesabu, inahesabu, kisha moto unazimika na namba zinaruka kama panzi. Nimekaa nimeshika tama. Kisha nikapata wazo. Nikaondoa maji.

Salale! Moto ukawaka vizuri ajabu. Nikajiuliza, ikiwa maji yalikuwa kikwazo, je, majivu? Nikaondoa na majivu. Hesabu zikaisha kabla chai haijapoa. Kila nilichoondoa, matokeo yalizidi kupendeza. Nusura niondoe na makaa ya mawe, nikakumbuka kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Likabaki suala la rangi. Kwenye picha zetu buluu ni ubaridi, nyekundu ni joto kali. Moto wangu ulitoka wa manjano tu, kama mgonjwa wa ini. Nikashusha kipimo ili nyekundu ianzie chini kidogo. Joto ni lilelile, ila sasa picha nzima inawaka mpaka unataka kuvua koti. Sijadanganya. Nimepamba.

Nimepita nyuma ya kiti cha Desimali kama mtu anayetafuta feni. Picha yake mbaya! Ina madoa meusi kwenye kuta za boila. Akaniona, akanieleza bila kuulizwa: majivu ya alizeti yana chumvichumvi, moto ukiwa mkali mno yanayeyuka na kugandia kwenye mabomba. Akaniuliza mimi nimeweka majivu kiasi gani. Nikasema kiasi cha kufaa. Akaniuliza kufaa nini. Huyu dada ana maswali!

Ijumaa, 7 Juni

Lazima niandike haya.

Tumewasilisha modeli zetu. Walikuwepo Mkurugenzi na msimamizi wa boila, ambaye kiwandani kote anaitwa Presha, kwa kuwa haondoi jicho kwenye mshale wa presha hata akisalimiwa. Desimali alianza. Maneno yake yote yalikuwa "inawezekana", "kwa tahadhari", "tuanze na kidogo, moto usiwe mkali". Mkurugenzi alipiga miayo. Presha alipiga miayo. Mimi nilipiga miayo kwa sauti, kwa makusudi.

Ikafika zamu yangu. Nikazima taa. Nikawasha picha. Ukuta mzima mwekundu! Mkurugenzi akasimama. Akasema huu ndio moto, si ule wenye ndui. Presha akauliza majivu yako wapi. Nikasema hiyo ndiyo teknolojia. Kila mtu akatikisa kichwa. Desimali alitikisa kwa mwelekeo mwingine.

Nikaunyosha mkono nipokee pongezi. Mkurugenzi akaushika, akasema: basi Jumatatu tunachoma.

Nikauliza tunachoma nini.

Maganda, akasema.

Nikauliza wapi.

Kwenye boila, mhandisi! Kwani wapi?

Lahaula! Miaka yote niliyofanya kazi hii hakuna mtu aliyewahi kuchoma kitu changu. Modeli inaingia kwenye ripoti, ripoti inaingia kabatini, kabati linafungwa, ufunguo unapotea. Huo ndio ustaarabu! Sasa mtu mzima na akili zake anataka kuwasha moto wa kweli, kwenye boila la kweli, lenye mvuke wa kweli, kwa kutazama picha yangu!

Kasema watatumia mchanganyiko uleule wa modeli yangu. Boila likilingana na modeli, cheo ni changu. Lisipolingana, ni cha Desimali. Kisha akaibandika picha yangu ukutani kwake kwa gundi. Nimerudi nyumbani nimenywea kama puto la juzi. Mke wangu akauliza kama uongozi ni mzito. Nikasema mzito sana.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeamka na mbinu! Picha siwezi kuibadilisha, imegandishwa ukutani. Basi nitabadilisha maganda. Modeli yangu inasema maganda hayana maji. Vizuri. Hayatakuwa na maji.

Nimemwambia dereva wa lori la kiwanda ayalete maganda yote ya majaribio nyumbani kwangu. Nikayaanika uani, barazani, juu ya paa la stoo, na yaliyobaki juu ya kitanda cha wageni, dirisha wazi. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwamba huu ni utafiti. Akasema utafiti gani umelalia shuka zake za harusi.

Sikujua kwamba maganda yale yamebakiwa na mbegu. Ndege walijua. Kwanza alikuja mmoja, akaonja, akaenda kuwaita ndugu zake. Jamani! Ua lote likawa mabawa matupu. Nikapanda juu ya paa la stoo na fagio, nimevaa kaptula ya kulalia, napiga huku na kule, napiga makelele.

Hapo ndipo geti lilipofunguliwa. Mama mkwe! Na mkoba wake, na kitambaa chake kizuri cha kichwa. Nikaganda fagio hewani. Nifanyeje? Nikamwamkia shikamoo.

Shikamoo kutoka juu ya paa! Kwa mama mkwe! Nikiwa na kaptula! Mtu anashuka kumwamkia mkubwa, mimi nilikuwa juu ya kichwa chake kama kunguru. Akaitikia marahaba huku akitazama chini kwa heshima yake mwenyewe. Kisha nikamsikia akimuuliza mke wangu kwa upole kama wakuu wote wa vitengo hufanyia kazi huko.

Natamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 9 Juni

Jua kali. Maganda yanakauka mpaka yanalia mkononi. Mama mkwe amenishangaza. Baada ya chai kajifunga kanga, kaingia uani, kaanza kuyageuza maganda na kuchambua mbegu. Nikamsihi apumzike. Akasema kazi ni kazi, mwanangu, na hii angalau naiona kwa macho. Kaniita mwanangu! Miaka yote nimekuwa "huyu bwana".

Nilifurahi. Furaha ikadumu hadi chakula cha mchana, aliposema wiki hii atanifuata kazini na chakula, aione hiyo ofisi yenye dirisha. Nikasema wageni hawaruhusiwi. Akasema mama wa mkuu si mgeni.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui nianzie wapi.

Leo kwa mara ya kwanza nimeingia kwenye nyumba ya boila. Nimeshtuka mlangoni. Kumbe boila ni kubwa hivi! Kwenye kompyuta yangu lilikuwa linaenea kwenye kiganja. Hili limepanda hadi darini, linanguruma, linatoa jasho, na mabomba yake ni manene kuliko mapaja yangu. Presha alikuwa ameshika kifua kabla hatujaanza.

Maganda yakaanza kupulizwa ndani. Makavu, mepesi, yanaruka yenyewe. Nikachungulia kwenye kitundu. Nyekundu! Nyekundu tupu, kama picha yangu, na safari hii bila kupambwa! Mshale wa joto ukapanda, ukapanda, ukafika pale pale modeli iliposema. Mkurugenzi akaangalia karatasi, akaangalia mshale, akanikumbatia. Akaniita mkuu. Mbele ya Desimali! Nikaanza kufikiria mapazia ya dirisha langu.

Desimali akamwambia Presha apunguze maganda, joto limezidi. Nikasema asiguse chochote, modeli na boila vimelingana, tusivitenganishe.

Kisha ukasikika mlio. Kama mtu anasaga vyungu. Mshale wa presha ukaanza kushuka. Presha naye akaanza kushuka, akakalia ndoo. Nikachungulia tena. Mama yangu! Ndani mlikuwa na kitu. Kimening'inia kwenye mabomba, kimetanda juu ya chanja chote cha kuchomea, kinang'aa kama sukari iliyoungulia sufuriani. Hewa haipiti. Moto unakohoa.

Majivu! Majivu ambayo mimi mwenyewe niliyaondoa Jumatano!

Wakazima boila. Ukimya wake ulinitisha kuliko kelele zake. Mvuke ukakatika kiwanda kizima. Wapaka rangi wakatoka nje na blanketi lililoingia jeupe kwenye pipa la rangi, likatoka nusu jekundu nusu jeupe, wakalibeba wanne kama maiti, wakaliweka mbele yetu. Wafanyakazi wote uani, mikono kiunoni. Bila mvuke hakuna blanketi, na macho yote yalikuwa kwangu.

Mkurugenzi akauliza kile kitu kiko wapi kwenye picha yangu. Nikasema picha imepigwa kutoka upande wa pili. Akasema hata mtoto wa shule ya chekechea anajua kwamba palipowaka moto hubaki majivu.

Desimali hakucheka. Heri angecheka.

Jumanne, 11 Juni

Limetangazwa. Desimali ndiye mkuu wa kitengo. Kapewa ofisi, kapewa dirisha. Mimi nimepewa patasi na nyundo. Boila limepoa, na amri ya Mkurugenzi ni kwamba aliyeyasahau majivu akayabandue. Nimeingia kwa kutambaa pamoja na vibarua. Masizi mpaka kwenye meno. Nilitaka kulia, ila machozi yangeacha mistari.

Mchana tukatoka kupunga hewa, tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Na nani anaingia getini? Mama mkwe! Amebeba kapu la chakula! Nikamsikia akimwambia mlinzi anamtafuta mkuu wa kitengo cha nishati. Mlinzi, mtu mwenye adabu za kuudhi, akampeleka moja kwa moja. Kwa Desimali.

Ofisi ile ina dirisha, kwa hiyo niliona kila kitu. Nikamwona mama mkwe ameduwaa mlangoni. Nikamwona Desimali akisimama, akipiga goti kidogo kumwamkia, akimpa kiti. Wakazungumza. Kapu likafunguliwa. Wakala! Chakula changu! Wakacheka. Nikajua nimekwisha. Neno moja tu la Desimali na nyumbani sina uso.

Mama mkwe akatoka, akapita karibu yetu. Nikainamisha kichwa. Akasema poleni na kazi, wanangu. Wenzangu wakaitikia. Mimi nikaitikia kwa sauti nene isiyo yangu, asante mama. Akapita. Hakunitambua!

Nyumbani mama mkwe kasema yule dada ni mtu na adabu zake. Kamweleza kwamba mkwewe leo yuko ndani kabisa ya kazi, na kwamba kiwanda kizima hakuna aliyekaribia moto kama yeye. Nimepigwa na butwaa. Hakunisema! Alikuwa na kisu na mpini, na hakunichoma. Nimelifikiria jambo hili jioni nzima. Anapanga nini?

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe kaondoka leo. Nilimbebea mkoba hadi kituoni. Njiani nikasema moyoni, bwana, sema ukweli. Nikakohoa. Nikasema mama, kuhusu ile ofisi. Akasema anaijua. Nikasema kuhusu kile cheo. Akasema anakijua nacho.

Kumbe alinitambua palepale ukutani! Masizi yote yale, na sauti nene yote ile! Kasema mtoto wake hawezi kuolewa na mtu miaka yote hii halafu yeye asiyajue magoti yake. Na kumbe ile "poleni na kazi" alinipa mimi, nisione aibu mbele ya wenzangu.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikabaki nimekumbatia mkoba wake. Akaniambia kubandua majivu si aibu, mwanangu, aibu ni kuwaambia watu hayapo. Kisha akaniambia nimpe mkoba, gari linaondoka.

Bado kaniita mwanangu. Nimeahidi mbele yake, na sasa naahidi kwa maandishi: nimebadilika. Mke wangu kaisoma sentensi hiyo begani kwangu, akaguna.

Ijumaa, 14 Juni

Desimali kaniita. Nilijua nafukuzwa kazi. Nikaingia nimevaa shati la kuagia.

Sikufukuzwa! Kasema sehemu ya kuwaka ya modeli yangu ni nzuri, nzuri kuliko yake, na anaihitaji. Boila limeshawashwa tena kwa kipimo chake, maganda kidogo, moto wa wastani, na linakwenda. Kazi yangu ni kupima joto na mvuke na majivu sehemu zote za boila, kuvilinganisha na modeli, na pale visipolingana nirekebishe. Nirudishe maji. Nirudishe majivu. Nikifanya hivyo kwa uaminifu, atamwomba Mkurugenzi aniteue msaidizi wake. Machozi yalinilengalenga. Nikamwita dada. Nikampa mkono kwa mikono miwili.

Nimefanya kazi leo kama sijawahi kufanya. Uaminifu mtupu! Nimepima juu, nimepima chini, nimepima ubavuni. Presha kanishikia ngazi. Sikupamba rangi yoyote. Kisha nikakaa, nikaweka vipimo kushoto, modeli kulia.

Havilingani. Popote! Kwenye modeli joto liko juu, kwenye boila liko chini. Kwenye modeli mvuke unatosha, kwenye boila unapungua. Kwenye modeli majivu hakuna, kwenye boila yanatolewa kwa toroli.

Nikairudia modeli mstari kwa mstari, kwa moyo mweupe, nikitafuta kosa langu. Hakuna. Kila hesabu iko mahali pake. Nikairudia tena. Hakuna. Ndipo ukweli uliponipiga, nikaangusha kalamu. Miaka yote hii! Watu wote hawa! Desimali na usomi wake, Presha na macho yake, Mkurugenzi na cheo chake, na hakuna hata mmoja aliyegundua kwamba boila hili lina makosa!

Nimeshtuka kupita kiasi. Ripoti tayari nimeipeleka moja kwa moja kwa Mkurugenzi. Nimependekeza boila libomolewe.